Jibu: Ginkgo na manjano kwa mzee mwenye Alzheimer

Mkuu, pole kwa kumuuguza mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Umeuliza kama vidonge vya ginkgo (majani ya mti wa Uchina) na unga wa manjano vitazikinga seli za ubongo wa baba yako, maana umesoma kwamba maabara zimethibitisha.

Anza na dawa anazotumia sasa. Kama anatumia warfarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda, ginkgo usimpe kabla ya kuongea na daktari wake. Mama yangu nilimpa akiwa kwenye warfarini. Wiki ya tatu, nikimwogesha, nikakuta damu imevilia mapajani na mikononi, na hakuwa ameanguka popote. Nilitetemeka. Daktari akasema niache siku ileile.

Ya maabara ni kweli: kurkumini iliyomo kwenye manjano huzuia amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, isigandamane. Ila ukiimeza, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Ginkgo ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na matokeo ya 2008 yakaonyesha haikuzuia ugonjwa. Mmea uliotupa dawa ya kweli ni Galanthus, ua dogo jeupe la Ulaya: humo ndimo ilimotoka galantamini, dawa ya Alzheimer. Hiyo nayo hupunguza dalili kwa muda tu, haiponyi.

Je, amepimwa vitamini B12 na tezi ya thairoidi? Upungufu wa vitamini hiyo na hitilafu za tezi hiyo ya shingoni pia husahaulisha, na yanatibika. Manjano ya kwenye mchuzi mwache ale. Tuandikie majina ya dawa zake.