Morfini ya maji kwa mtoto

SWALI: Anti, mwanangu wa miaka 7 ana kansa ya mfupa, daktari kampa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mama mkwe anasema hiyo ni ya wanaokufa, halafu atakuwa teja. Nimpe?

JIBU: Pole sana mama. Mpe, tena kwa kufuata saa, kila baada ya masaa 4 kama ulivyoandikiwa, usisubiri mpaka alie maana maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Pima kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe!) sio kijiko cha chai. Dozi ikiwa sahihi haimuui wala haimfanyi teja, na matibabu ya kansa yanaendelea kama kawaida. Choo kitakuwa kigumu, omba dawa ya kulainisha. Akisinzia mpaka haamshiki, hospitali haraka.