Watoto watatu, runinga moja na likizo ya Desemba

Dada yangu, nimekuelewa: watoto wa miaka 7, 10 na 13 wapo nyumbani Temeke mwezi mzima, wanagombania rimoti tangu asubuhi, na mfuko hauruhusu safari. Nami nimelea wanne katika joto hilo hilo la kaskazi.

Anza na bao. Huhitaji kununua chochote, kwani safu nne za mashimo manane huchimbika mchangani chini ya mti, na kete 64 ni komwe au kokoto tu. Waanzishie bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekewa kete mbili, maana bao la kiswahili lenye kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja, litamkatisha tamaa huyo mdogo. Kwangu, mkubwa alinaswa akificha kete kiganjani. Tangu hapo mdogo wake akawa anazihesabu kwa sauti kila mchezo ukiisha, kama karani wa benki. Runinga ifunguliwe baada ya magharibi.

Ufukweni nendeni mara moja kwa wiki, lakini usiwaache peke yao hata kwa dakika moja, hasa mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa sababu bamvu huyapandisha maji kuliko siku nyingine.

Ama huyo wa miaka 13, ambaye umesema halali usiku na amekataa chakula kwa wiki mbili, hilo si la michezo. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, akazungumze na daktari.