Hisa hazijashuka, mbona dola zimepungua?

Ndugu, umeuliza inakuwaje bei ya hisa imesimama palepale halafu aliyewekeza kutoka nje analia hasara. Chukua Kenya tu, mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124, Januari 2024 ikagusa 160. Aliyeleta dola 1,000 alipata 124,000 akanunua hisa, sasa hata zisiposogea senti moja akibadilisha kurudi anashika dola 775, yaani karibu 22% imeliwa na shilingi peke yake! Akiona hivyo anauza fasta, na akiuza anatafuta dola, basi shilingi inazidi kudidimia na bei ya hisa nayo inavutwa chini, ndo maana wakati wa msukosuko vyote viwili huanguka pamoja.

Februari 2024 serikali ya Kenya ilipouza hatifungani mpya (yaani karatasi ya kukopa pesa kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu kubwa ya ile ya zamani iliyotakiwa kulipwa Juni, hofu kwamba itashindwa kulipa ikapungua, shilingi ikarudi kwenye 130 hivi.

Ila cheki na madeni ya kampuni, hili watu wanalisahau kabisa. Kenya Power wana mikopo ya dola na umeme wanauza kwa shilingi, kwa hiyo shilingi ikishuka deni lao linavimba; mwaka ulioisha Juni 2023 walipata hasara, uliofuata faida ya shilingi bilioni 30, na shilingi kupata nguvu kulichangia sana.