Tulihamia Iringa na watoto wadogo: godoro, geti na mahindi ya jirani

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Wiki tatu tangu mtoke Dar, mkubwa wa miaka saba hataki kuvuka geti, mdogo wa miaka minne kila jioni anamlilia bibi yake, na wewe umeanza kujiuliza kama mlikosea kuhama. Wengi hapa juu wamekwambia "watazoea tu". Nasi tuliambiwa hivyohivyo mwaka 2021 nilipohamishiwa Iringa kikazi. Tukakaa tunasubiri wazoee, wiki zikapotea.

Tuliingia katikati ya Juni. Tulijiona tumepiga hesabu vizuri: shule zimefungwa, watoto wapumzike kwanza, zikifunguliwa waanze na wenzao. Baridi hatukuiweka kwenye hesabu. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na miezi ile upepo wa asubuhi unakata masikio. Wanangu wa Mbagala wamezoea kushinda na singlendi na kandambili. Nikakimbilia mtumbani nikanunua masweta na soksi za kutosha, wakayakataa, eti yanawasha. Basi wakawa watu wa ndani, blanketi mabegani, katuni kuanzia uji wa asubuhi mpaka usiku.

(Kwa kuwa nimetaja baridi: jiko la mkaa lisiingie chumba wanacholala watoto, hata kama mkaa umeshakolea na moshi huuoni, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Sumu yake haina harufu, na watu hulala wasiamke. Mgeni wa baridi ndiye anayeingia mtego huo haraka.)

Halafu likaja la godoro. Kijana wetu alikuwa na miaka sita, ameacha kukojoa kitandani zaidi ya mwaka. Wiki ya kwanza tu akarudia. Mimi kwa akili zangu nikalitoa godoro nikaliegemeza ukuta wa mbele, kwa kuwa ndiko jua linakopiga. Watoto wa mtaa wakapita wakaliona. Jina lake walikuwa hawajalijua, wakampa lingine, na lenyewe sina haja ya kuliandika. Kuanzia hapo ukimwambia atoke nje anashika mguu wa kochi. Mimi namgombeza kwamba ana aibu kama bibi harusi, kumbe aibu nimemwanikia mwenyewe. Mama yake ndiye aliyeng'amua, tena baada ya siku nyingi.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Mpira ukatandikwa juu ya godoro, anaenda haja ndogo kabla ya kulala, anaamshwa tena saa tano, na asubuhi hakuna anayesema neno. Likilowa linaanikwa uani, nyuma. Kufika Septemba tatizo lilikuwa limekwisha. Watoto wakihamishwa wengi hurudi nyuma kidogo: huyu atakojoa, yule atanyonya kidole au atataka kubebwa mgongoni wakati miguu anayo. Hilo lisikutishe. Likiendelea miezi, au akilia maumivu anapokojoa, hapo nenda zahanati.

Kuhusu bibi. Sisi tulikuwa tunapiga simu ya video kila usiku, tukidhani tunamtuliza mdogo. Bibi naye machozi yako karibu, akimwona mjukuu analia. Mtoto analala na kwikwi. Tukaihamishia Jumamosi asubuhi, ameshakula, jua limetoka, na tukampa kazi: atafute kitu kimoja cha kumwonyesha bibi. Wiki ya kwanza alionyesha kinyonga aliyemkuta kwenye ua. Ya pili parachichi lililomzidi kichwa, kwa maneno yake. Simu zikageuka kuwa za umbea badala ya msiba. Jaribu hilo kabla ya lingine lolote.

Sasa la geti, ndilo hasa lililonifanya niandike. Mtoto wa miaka minne Iringa haijui, ukimwambia amehamia mkoa mwingine ni kama umemsomea gazeti. Yeye anajua njia. Kule Dar alikuwa na njia yake kutoka mlangoni mpaka kwa bibi: anajua pale pana mbwa, pale mama wa vitumbua, pale anapigwa utani. Mmemnyang'anya njia hiyo na hamjampa nyingine. Nililijua hili siku binti yetu alipopotea. Geti lilibaki wazi, akatoka. Tulikuwa tumemfundisha kwamba kwetu ni "nyumba ya geti la bluu", na mtaa mzima ule mageti ni ya bluu. Karibu saa nzima roho iko mkononi. Aliyemrudisha ni kijana wa bodaboda aliyekuwa ameniona nikishusha vyombo siku tuliyohamia.

Kesho yake nikaanza kutembea nao. Kila jioni, njia ileile, mpaka genge na kurudi. Siendi mbali wala sibadilishi. Tunasimama kijiweni kwa bodaboda, tunasimama kwa fundi cherehani, tunafika gengeni. Kila tunaposimama nawataja watoto kwa majina yao, wao wanatoa shikamoo. Huku salamu ina uzito, dada. Mtoto anayepita mtu mzima kimya anasemwa, na mzazi wake zaidi. Mama wa genge akawafundisha "kamwene", salamu ya Kihehe, basi ikawa mashindano ya nani atawahi kuisema. Wiki ya pili nikawa nasimama kijiweni, wao wanamalizia kipande kilichobaki na shilingi mia tano ya nyanya, wamebanana kama vifaranga. Baadaye nikabaki getini. Na namba ya simu ya mama yao tuliwafundisha kwa kuimba, si kwa kuandika.

Ila wachujie maneno kabla. Mjomba wao wa Dar alikuwa amewajaza ule utani kwamba Wahehe, wenyeji wa Iringa, hula mbwa, na kijana akamuuliza mama wa genge, mbele ya wateja, mbwa anauza kilo bei gani. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yule akamjibu kwamba leo wamekwisha, arudi kesho na baba yake, huyu anaonekana amenona. Nikajua hapo tumepokelewa.

Urafiki wenyewe na watoto wenzao haukutokana na pipi wala mpira mpya nilionunua. Mpira uliletwa, ukachezwa siku mbili, ukapasuka, wakatawanyika. Urafiki uliletwa na mahindi. Jirani alikuwa ameanika yake kwenye turubai, kuku wanayavamia, akawaomba wanangu wawafukuze. Wakakuta watoto wake wanne wapo kwenye kazi hiyohiyo. Kukaa pamoja kulinda kitu kunafunga watoto haraka kuliko kuambiwa "haya, chezeni". Ilipofika kupukuchua, kijana wangu alikuwa anajenga magari ya magunzi na wale wale waliombatiza jina. Lile jina silisikii tena, sijui lilifia wapi. Kwa hiyo mtafutie mwanao kazi ndogo kwa jirani, hata kubeba kidumu cha lita tatu.

Shule sina mengi. Beba barua ya uhamisho na namba ya PReM (ile anayopewa mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani), na kadi ya kliniki ya mdogo, vinginevyo utazungushwa. Nenda naye wakati shule haina watu, mwonyeshe choo kilipo na bomba lilipo. Wangu alikuwa anabana mkojo mpaka saa saba kwa kutojua choo, na hakuna mwalimu aliyeliona.

Na usishangae mdogo akikupita mkubwa. Wetu mdogo alitulia ndani ya mwezi, mkubwa alifika Septemba. Yeye ndiye aliyeacha marafiki wenye majina.

Kama mko upande wa Kihesa, njoo PM. Mahindi ya mwaka huu bado yapo kwenye magunzi, na kuku ni walewale.