Mdogo wangu kapewa nafasi ya kuimba kanisa kuu, hiyo ni kazi?

SWALI: Shikamoo dada. Mdogo wangu anasoma chuo Uingereza, anaimba besi, na sasa kanisa kuu la Kianglikana limempa nafasi ya choral scholar, yaani mwanafunzi anayeimba kwenye kwaya ya kanisa. Ni kujitolea tu au ni kazi? Naogopa masomo yake.

JIBU: Marahaba, na hongereni sana! Ni kazi kabisa hiyo hata kama posho yenyewe ni ndogo. Kwa kawaida anaimba ibada ya jioni, Evensong, siku kadhaa za wiki, Jumapili ndo usiseme, na Krismasi wenzake wakienda likizo yeye yuko kwaya. Watoto wanaimba sauti ya kwanza, yeye anasimama na wale waimbaji wakubwa wa kulipwa.

Ila kitakachomsumbua ni kusoma noti za muziki. Kwetu wengi tumekulia solfa, ile ya do-re-mi, wimbo mmoja tunaukariri wiki tatu, kule anakabidhiwa karatasi ya noti zilizoandikwa kwenye mistari mitano, rihaso fupi, kanzu, wanaingia. Na zaburi sasa! Kitabu chao cha sala cha 1662 kimegawa zaburi 150 kwa siku 30, wanaokifuata chote jioni ya tarehe 15 wanaimba Zaburi ya 78, mistari zaidi ya 70, na kila neno lazima watoke pamoja kama mtu mmoja. Nilishakaa nikasikiliza sauti zikizunguka kwenye zile kuta za mawe, nikalia.

Aanze noti leo, na aombe ratiba ya muhula mzima ailinganishe na mitihani kabla hajasaini.