Maswali ya Wasomaji: Picha Imefika, Ngoma Bado

SWALI: Ndugu wahariri, natunga muziki wa filamu fupi ya dakika 20 kuhusu wavuvi wa dagaa, iliyopigwa mwaloni Kirumba. Mwanzoni unakaa vizuri, lakini mwishoni umechelewa sekunde moja na kitu. Tena mwongozaji anataka ngoma kubwa ilie mtumbwi ukigusa mchanga, na kila nikijaribu tunapishana.
Msomaji, Ilemela, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza huko kuchelewa kukoje. Kukiwa kulekule tangu mwanzo, faili halikuanzia mahali pake. Kukizuka ghafla kwenye onyesho fulani, mhariri amekata fremu (picha moja moja zinazounda filamu) baada ya kukupa nakala. Kwako kunakua kidogo kidogo, na sekunde 1.2 kwa dakika 20 ndiyo tofauti ya fremu 23.976 na 24 kwa sekunde. Inaelekea ulitunga juu ya nakala ya 23.976, kisha filamu ikatolewa kwa 24 na kuuacha muziki nyuma.

Usianze kuubana muziki. Omba nakala mpya yenye kasi ileile ya fremu ya filamu ya mwisho, isiyopandashuka kama ya simu nyingi, saa na fremu zikisomeka juu ya picha. Kuwe na mlio wa kulinganishia wa fremu moja, sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza. Nawe rudisha muziki wenye mlio huohuo, kwa faili la sauti la WAV, la 48 kHz. MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni.

Sasa mtumbwi. Tuseme unagusa mchanga sekunde ya 41 na fremu ya 12, yaani 41.5 tangu muziki uanze. Kwa mapigo 90 kwa dakika, hapo yamepita mapigo 62 na robo. Ndiyo maana mnapishana. Chagua 64, yaani mafungu 16 ya mapigo manne manne. Zidisha 64 kwa 60, gawanya kwa 41.5: unapata 92.53. Andika kasi hiyo kwenye programu, na pigo la kwanza la fungu la 17 litatua mchangani. Msikilizaji hatashtuka, ongezeko halifiki asilimia 3.

Ngoma ikichelewa fremu moja au mbili, jicho linakubali. Ikitangulia, inakera sana. Fidla zinazopanda polepole zianze mapema, kwa sababu kinachosikika kama pigo ni kilele chao. Na tafadhali, usipigie kila kinachotikisika: makasia na mawimbi yaachie sauti zilizorekodiwa ziwani.