Maswali ya Wasomaji: Rubani wa Chokoleti za Berlin

Bwana Yesu asifiwe, wahariri. Kwenye semina ya walimu wa Shule ya Jumapili tulisimuliwa habari za Gail Halvorsen, Mmarekani aliyewaangushia watoto wa Berlin chokoleti kutoka angani. Mwenzetu mmoja alisema ndiye huyohuyo aliyewapiga mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akatubu. Ni kweli? – Mwalimu, Moshi

Amina, mwalimu. Hiyo ya mabomu si kweli, msiwafundishe watoto hivyo. Halvorsen alizaliwa Salt Lake City mwaka 1920, akakulia kwenye mashamba ya Idaho na Utah, katika familia ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Alipata leseni ya urubani mwaka 1941, na 1942 akajiunga na jeshi la anga. Wakati wa vita alirusha ndege za mizigo upande wa Atlantiki ya Kusini.

Berlin aliifikia mwaka 1948, vita vimekwisha miaka mitatu. Tarehe 24 Juni Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyokuwa chini ya Wamarekani, Waingereza na Wafaransa, penye watu zaidi ya milioni mbili. Wamarekani na Waingereza wakaamua kulisha mji mzima kwa ndege. Halvorsen alirusha C-54, ndege ya injini nne iliyobeba takriban tani 9 kwa safari, kutoka Rhein-Main hadi uwanja wa Tempelhof.

Mwezi Julai, siku aliyokwenda kuutazama mji, aliwakuta watoto kama 30 nyuma ya ua wa Tempelhof. Walizungumza naye muda mrefu, na hakuna aliyemwomba kitu. Hilo ndilo lililomgusa. Mfukoni alikuwa na jojo mbili tu, akazikata vipande vinne. Waliokosa waligawana karatasi zake, wakazinusa. Akawaahidi kwamba kesho ataangusha nyingine, na kwamba ndege yake wataitambua kwa jinsi itakavyotikisa mabawa. Ndiyo maana wakamwita Mjomba wa Mabawa Yanayotikisika.

Tunataka watoto watengeneze parachuti kama zake siku ya tamasha la kanisa. Tulijaribu kwa mifuko ya plastiki, zikaanguka kama mawe. Tulikosea wapi? – Mwalimu huyohuyo

Tuanze na sababu ya yeye kutumia parachuti, maana hapo ndipo tunapomwona alivyokuwa makini. Alikusanya mgawo wake wa pipi na wa wenzake wawili ndegeni, akaupima mkononi, akaona ni mzito. Ndege ikitua huenda karibu kilomita 180 kwa saa, na fungu hilo likimpiga mtoto kichwani litamuumiza. Kwa hiyo aligawa mzigo katika leso tatu za mfukoni, akazifunga kamba, na zikasukumwa nje kupitia tundu la kutolea fataki za ishara, nyuma ya kiti cha rubani. Kwa mwendo ule, kuchelewa sekunde moja ni kukosa shabaha kwa mita 50.

Sasa zenu. Plastiki hushikamana ikikunjwa, haiwahi kufunguka. Tumieni kitambaa chepesi cha pamba, sentimita 40 kwa 40. Kateni nyuzi nne za sentimita 40 kila moja, na zipimeni pamoja kabla ya kukata, kwa sababu uzi mmoja ukipungua hata sentimita mbili, parachuti huinama upande na kumwaga hewa. Fungeni uzi kila pembe, kisha unganisheni ncha zote kwa fundo moja. Mzigo uwe gramu 40 hadi 50: ukipungua sana upepo utaipeleka kwa jirani, ukizidi itashuka kwa kishindo. Toboeni katikati tundu dogo la sentimita moja, hewa ipite hapo, la sivyo parachuti itayumba huku na huku kama kengele.

Kosa kubwa tunalodhani mlifanya ni la kukunja. Watu wengi huzungushia nyuzi kwenye kitambaa, kikafungwa kama kifurushi. Shikeni kitambaa katikati, kinyoosheni, kikunjeni mara mbili, nyuzi zilale juu yake bila kuzungushwa, kisha achieni.

Angusheni kutoka ghorofa ya kwanza au ya pili, mtu mzima pekee ndiye akae kwenye ukingo. Watoto wasimame mbali, waitwe mmoja mmoja. Chokoleti zitayeyuka juani, wekeni pipi ngumu zenye karatasi, na walio chini ya miaka minne wapewe biskuti mkononi, maana pipi ngumu huweza kuwakaba.

Je, aliruhusiwa na wakubwa wake? – Msomaji, Nakuru

Mwanzoni hakuomba ruhusa. Mwandishi wa habari ndiye aliyelifichua jambo, mkuu wake akamwita na kumkaripia. Lakini Jenerali William Tunner, msimamizi wa daraja la anga, yaani safari zile zote za kulisha mji kwa ndege, aliona thamani ya jambo hilo akaamuru liendelee. Kuanzia hapo likawa kazi ya jamii nzima. Huko Chicopee, Massachusetts, wanafunzi walifunga pipi kwenye parachuti ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto na kuzituma zikiwa tayari. Hadi mwisho ziliangushwa zaidi ya tani 20.

Barua za watoto zilimiminika. Mmoja alituma ramani: fuata mfereji, ukifika daraja la pili pinda kulia, nakaa nyumba iliyobomolewa kwa bomu, pale pembeni. Halvorsen alijaribu akamkosa, na mtoto akaandika tena kulalamika. Basi zawadi yake ikapelekwa kwa posta.

Kanisani alifanya nini baadaye? – Msomaji, Dodoma

Alirudi Tempelhof kama kamanda, 1970 hadi 1974, kisha akastaafu jeshi. Kwa kujitolea, yeye na mkewe Alta walitumikia umisionari Uingereza, na baadaye St. Petersburg, Urusi, nchi ya wale waliokuwa wameizingira Berlin. Aliendelea kuwaangushia watu pipi uzeeni, wakiwemo wakimbizi wa Bosnia. Alifariki Februari 2022, akiwa na miaka 101. Shule moja ya Berlin, wilaya ya Steglitz-Zehlendorf, ina jina lake.